Njiti Moja ya Mkesha

Jumatatu, 1 Disemba

Nina miaka themanini na minne. Nimemzika mke wangu, kaka zangu wote, wachungaji watatu, na yule daktari aliyesema nisipoacha chumvi sitaumaliza mwaka. Chumvi nakula mpaka leo. Yeye yuko chini. Nimeona kiwanda cha sabuni kikifunguliwa kwa shangwe na kikifungwa kimya kimya. Karakana yangu ya bati iko pale pale, na mwenye nyundo ni mimi.

Sasa Mzee wa Kengele, mpiga kengele wetu kanisani, naye katangulia. Tulimzika wiki iliyopita, Mungu ampumzishe. Alinizidi mwaka mmoja tu, lakini alinitambia huo mwaka kama shamba.

Basi — mkongwe wa kanisa ni mimi! Hakuna mwingine. Maana yake mwaka huu njiti ni yangu.

Naandika yote, kichwa siku hizi kinavuja. Kanisani kwetu, Mkesha wa Krismasi, jua likizama taa zote zinazimwa, za kanisani na za majumbani mwetu. Giza tupu. Halafu mkubwa wa umri kuliko wote anawasha njiti moja ya kiberiti. Moja tu. Anawasha mshumaa wake, anampa moto jirani yake, naye anampa wa pembeni, benchi kwa benchi, mpaka ufike kwa mtoto mchanga kuliko wote, ameshikwa na mama yake. Hapo ndipo tunaimba. Kisha kila mtu anabeba moto wake kwenda kuwasha taa ya nyumbani. Jioni ile kiberiti kingine hakiguswi. Ukizimikiwa, unamwomba mwenzako. Usipopokea, unalala gizani.

Miaka yote nimepokea. Kutoka kwa Mzee wa Kengele, tena akinitazama kwa dharau. Mwaka huu natoa!

Mkono umechoka. Shule ya watu wazima niliiacha nilipomaliza kujua herufi. Niliona zinatosha.


Alhamisi, 4 Disemba

Wamenipandisha presha.

Baraza la kanisa limekaa. Mwenyekiti wa baraza ni mwanangu wa kumzaa, na tai yake. Kaja karakana, kasimama mlangoni, kasema mwaka huu mishumaa hakuna. Mwaka jana joho la mwanakwaya liliungua mkono, watu wakalizima kwa kulipiga piga, na mwenyewe akapigwa zaidi ya joho. Kwa hiyo baraza limeamua simu. Kila mtu aje na simu yenye tochi. Mchungaji akihesabu moja, mbili, tatu, wote wanawasha pamoja. Eti itapendeza kwenye picha.

Nikamwuliza, na mimi? Akasema nitakuwa wa kwanza kuwasha yangu. Nikamwambia simu yangu haina tochi. Akasema ataniazima.

Ataniazima! Nikakaa chini. Halafu nikasimama tena, maana nikikaa siwezi kugomba vizuri.

"Baba, mwanga ni mwanga," akasema. "Ukitoka kwenye simu una ubaya gani?"

"Una ubaya kwamba kila mtu anawasha wake," nikamwambia. "Ule mwingine unapewa."

Akasema ananielewa. Mtu akikwambia anakuelewa kwa sauti ile ya upole, ujue keshaamua.

Muda wote huo hakulitazama pazia. Karakana yangu iko mbele, chumba kiko nyuma, katikati pazia. Alijua nani yuko nyuma yake. Binti yake yuko pale, mjukuu wangu, na mimba yake kubwa, kashika kikombe cha chai hata kunywa hawezi asije akasikika.

Mimi namwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa anapiga domo toka utotoni. Siku hizi hata mlio hana. Kijana aliyempa mimba kabadilisha namba ya simu, kapotea. Baba yake akamwambia binti wa Mwenyekiti hawezi kutembeza tumbo lisilo na mwenyewe mbele ya kanisa zima. Akaja kwangu na begi. Nikampa kitanda. Mimi nalala kwenye karakana, kichwa karibu na makopo, na nalala vizuri kuliko wao wote.

Hawajasemeshana tangu siku ile. Leo walitenganishwa na kitambaa tu.


Jumapili, 7 Disemba

Nimesimama kanisani! Baada ya matangazo, kabla Mchungaji hajafunga, nikainuka na fimbo yangu. Nikasema mimi ndiye mkongwe na sikuruhusu hayo mambo ya simu.

Mchungaji wetu ni kijana, kidevu bado laini, lakini ana adabu. Akasema kama Mzee atatuhakikishia moto hautagusa nguo ya mtu, yeye hana tatizo, moto ubaki. Hajamaliza nikamjibu: nitatengeneza kandili. Mshumaa unakaa ndani ya kopo, unashika mkono wa waya, hakuna joho litakaloungua. Kwa kila mtu.

Akaniuliza kama najua watu wanaokuja Krismasi ni wengi kiasi gani. Nikamwambia najua makopo yaliyoko mji huu ni mengi kiasi gani.

Kwaya ikacheka. Mwanangu akatazama viatu vyake. Lakini baraza likakubali! Sina wa kunishinda.

Lingine. Chiriku nilikwenda naye. Benchi letu lilikuwa na watu. Tulipokaa, mmoja mmoja wakakumbuka wana shughuli kwenye benchi jingine. Mkunga peke yake alibaki, yule jirani yetu. Akasema kwa sauti miguu inamuuma, hahami kwa sababu za kipuuzi.

Tukiwa njiani kurudi Chiriku akafungua mdomo.

"Babu, huo moto mimi nitapewa na nani?"

"Na mimi."

"Wewe unaanzia mbele. Moto unapita benchi kwa benchi. Ukifika kwangu, hakuna mtu wa kunipa."

Kanishinda hoja. Mimi! Nikamwambia anyamaze, tuwahi kula. Chakula nilikiacha nusu.


Jumanne, 9 Disemba

Kazi imeanza na kazi imenoga. Makopo yameletwa na kila mtu: ya mafuta ya kula, ya maziwa ya unga, ya rangi. Karakana haina pa kukanyaga.

Kutoboa kopo kuna akili yake. Ukilipiga tupu linabonyea. Unalishindilia mchanga mbichi mpaka mdomoni, unalilaza, ndipo unapiga msumari. Tundu linatoka safi. Kisha unamwaga mchanga, unaweka kizibo cha soda chini cha kushika mshumaa, unafunga waya. Naweza kufanya nimefumba macho.

Chiriku alikuwa anatazama. Akaomba msumari. Nikampa ili apunguze kunitazama. Mimi matundu yangu ni kama ya chujio, yamepangwa, yanatosha. Yeye akaanza kuchora nyota! Nikamwambia hii ni taa, si gauni la harusi. Akaendelea kugonga.

Tulipowasha kujaribu, nyota zikaruka ukutani. Zikapanda mpaka kwenye paa. Kalenda ya zamani, misumeno, pazia, vyote vikajaa nyota. Nikasema si mbaya. Nikatoka nje nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Leo kaongea sana. Kaniambia mtoto akizaliwa hatamruhusu awe mbishi. Nikamwambia kachelewa, damu ni yangu.


Ijumaa, 12 Disemba

Mke wa Mhasibu wa kanisa kaja na makopo kwenye kapu na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye mchanga kuliko wote kanisani sasa hivi, moto wa Mkesha umepangiwa uishie kwake. Nilidhani atatua kapu na kuondoka. Akakaa. Wakaanza maongezi ya mgongo kuuma na miguu kuvimba, mambo ambayo mwanamume hapaswi kuyasikia, nikapiga nyundo kwa nguvu zaidi na bado nikayasikia.

Alimwuliza Chiriku lini. Mkunga kasema kabla ya Krismasi au baada, watoto hawa hawana kalenda. Mke wa Mhasibu akacheka, akasema wa kwake ameanza kuota meno, anang'ata kama mbwa.

Alipoondoka Chiriku alikuwa anaimba. Polepole, lakini anaimba.


Jumapili, 14 Disemba

Mchungaji kahubiri vizuri leo. Sijui kasaidiwa na nani.

Kasema tunadhani usiku ule Bwana alipozaliwa dunia ilikuwa imetulia. Haikuwa imetulia. Mfalme alikuwa mwuaji. Barabarani askari wa kigeni. Watu wanasukumwa huku na kule kwenda kuandikishwa. Na binti mmoja na mimba yake anafungiwa milango. Giza la kushika kwa mkono. Mungu angeweza kutundika jua la pili, kila mtu akaliona, ubishi ukaisha. Hakutundika. Alileta mtoto. Na mtoto hatembei. Mtoto anabebwa. Nuru ile haikuja kwa kishindo, ilikuja ya kubebwa mikononi, na mpaka leo, kasema, inafika pale tu ambapo mtu ameibeba akaipeleka.

Nikasahau kusimama wimbo ulipoanza. Mkunga akanivuta koti.

Mwaka huu umekuwa mweusi. Redio nikiifungua ni vita, nikigeuza ni mafuriko. Mtaani kwetu vijana wamekaa kwenye ngazi tangu kiwanda kifungwe, hata kucheka wamepunguza. Nilikuwa najiuliza mishumaa kwenye makopo itasaidia nini. Leo nimeona swali lenyewe lilikuwa bovu. Hata yule mtoto wa zizini, ungemtazama ungesema atasaidia nini.

Pale aliposema binti anafungiwa milango, nilimtazama mwanangu. Alikuwa anafuta miwani. Miwani haikuwa chafu.


Alhamisi, 18 Disemba

Mwenyekiti kaja kukagua. Kaja kama Mwenyekiti, si kama mwanangu, kwa hiyo nikamkaribisha kama Mwenyekiti, nikampangusia kiti.

Akashika kandili moja ya nyota. Akaigeuza. Akaingiza kidole kwenye tundu moja, akatoa, akaingiza kwenye jingine. Akauliza nani katoboa. Nikasema fundi wangu. Hakuuliza fundi gani. Akaiweka chini taratibu, kama yai.

Sitaki mtu aseme mwanangu ni mtu mbaya. Namsema mimi, wengine wasimseme. Mke wake alipokufa Chiriku alikuwa bado mdogo. Yeye alijifunza kusuka nywele, vidole vile vinene, kila Jumamosi, mtoto katikati ya magoti yake analia, naye anakaribia kulia. Wanawake wakajitolea kumsaidia, akakataa. Mwanamume aliyesuka nywele miaka yote ile, akavunjwa moyo siku moja, hajui auweke wapi moyo wenyewe.

Lakini kichwa kigumu! Akasema ratiba imeshapigwa chapa, moto utaishia kwa mtoto wa Mhasibu. Nikasema mchanga ni mchanga, siku hiyo tutaangalia nani kazaliwa mwisho.

"Baba, usinitie aibu mbele ya watu."

"Aibu ipi? Ya mtoto?"

Akaondoka. Nikagonga makopo matupu matatu bila sababu.


Jumapili, 21 Disemba

Tumemaliza! Kila mtu ana kandili! Zimegawiwa leo mlangoni, watu wanagombania za nyota, hata wanakwaya waliocheka. Mmoja akaniuliza kama ninazo kubwa zaidi. Nikamwambia ungepunguza kucheka ungepata kubwa.

Chiriku hakuja. Miguu imevimba. Nilisema mbele ya wote kwamba nyota ni kazi ya mjukuu wangu. Baadhi walitazama kandili mikononi mwao kana kwamba zimewauma. Lakini hakuna aliyerudisha.


Jumatatu, 22 Disemba

Leo yangu mwenyewe. Ya mkongwe haiwezi kuwa kopo la maziwa.

Nimechukua vioo vya fremu za picha, nimekata, pande nne. Kofia ya bati juu, ya kufunuka na kufungika, ina shingo kama kuba la jumba. Kila mshono nimeulehemu kwa risasi iliyoyeyushwa, nikaupitia tena, nikamwaga maji kujaribu: hayavuji hata tone. Upepo uje wenyewe na ndugu zake, hauingii! Mzee wa Kengele angeiona hii angenyamaza, kwa mara ya kwanza.

Chiriku kashika kiuno tangu mchana. Nimemwambia Mkunga asisafiri.


Jumatano, 24 Disemba, asubuhi

KAZALIWA!

Alfajiri, hapa hapa, nyuma ya pazia. Mkunga alinifukuza nje mara mbili, mara ya pili kwa kandambili. Nikazunguka karakana. Nikapanga misumari kwa ukubwa. Nikaipangua. Kisha sauti — hiyo sauti! Kama bati likichanwa! Nguvu zangu zote ziko kwenye koo la kile kitoto.

Wa kike. Mkunga kaniwekea mikononi. Mwepesi kama kopo tupu, moto kama jiko. Kanitazama kwa jicho moja, la pili kafumba, hanitambui na hajali. Mbishi! Nimewahi kushika vitukuu? Sijawahi. Nimeshika leo.

Nimekimbia. Mimi nimekimbia mtaani, fimbo kwapani. Nimewaambia vijana wa kwenye ngazi, wakasimama kunipa mkono. Nimemwambia mke wa Mhasibu dirishani, akapiga makofi na kusahau kufunga bomba la maji. Nikafika kwa mwanangu.

Alikuwa anapiga viatu rangi. Nikamwambia umepata mjukuu, wa kike. Akaendelea na kiatu kile kile, kile kile, mpaka rangi ikawa nene kama siagi.

"Mama yake mzima?" akauliza.

"Mzima."

Basi. Lakini hilo nimelibeba mpaka nyumbani, nikamwambia Chiriku kama lilivyo, bila kuongeza. Akageukia ukutani. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Kisha akaniambia niende Mkesha, nisikose kwa ajili yake. Akasema watazima taa, yeye na mtoto na Mkunga, kama nyumba zote, na watasubiri. Kama haukufika, haukufika.


Jumatano hiyo hiyo, jioni

Naandika upesi. Mwanga si wangu na sijui utakaa muda gani.

Jua limezama, taa zimezimwa. Giza lile! Kanisa zima halina pumzi. Nikasimama mbele. Njiti ilishika mara ya kwanza. Nikafunua kofia, nikawasha. Nikampa bibi wa benchi la mbele, naye akampa mwenzake. Ukaanza kutembea. Nyuso zikawa zinatokea gizani moja moja, watu niliowajua miaka yote, na kila mmoja alionekana kama kazaliwa pale pale. Na nyota! Dari yote! Hata wale waliohama benchi, nyota za Chiriku ziliwatembea kwenye mashavu.

Ukafika nyuma, kwa mke wa Mhasibu, mtoto kifuani. Akapokea. Kwaya ikavuta pumzi. Yeye hakukaa.

"Huyu wangu si mchanga kuliko wote," akasema. "Yuko aliyezaliwa leo alfajiri. Moto haujafika."

Kwaya ikabaki na midomo wazi. Mchungaji akamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama ratiba, na ratiba haikumsaidia.

Mimi sisubiri baraza likae. Nimeanza mimi, namaliza mimi. Nikafunga kofia ya kandili yangu, nikapita katikati ya kanisa na fimbo yangu kama mfalme, nikatoka.

Nje mtaa mzima mweusi. Mimi tu na taa yangu. Nilikuwa natembea najisemea moyoni nitakavyoingia, nitakavyoinua pazia. Nikafika kona ya seremala. Moto ukawa wa njano. Ukajikunja. Ukawa kidoti cha buluu. Ukafa.

Upepo haukuwepo! Hata kidogo. Nikasimama nikaelewa. Kanisani kofia ilikuwa wazi. Nilipoifunga, kwa sifa, hewa ikaisha ndani. Mshono wote nimeulehemu. Upepo hauingii, na cha kuvuta pumzi nacho hakiingii. Nimeukaba mwenyewe, kwa ufundi wangu.

Kiberiti kilikuwa mfukoni. Mkono ulikigusa. Hapana. Njiti ni moja.

Kurudi kuomba, mbele ya wale wote? Mimi? Nilisimama pale na kikombe cha kioo chenye moshi.

Hapo nikaona kivuli changu. Kilikuwa mbele yangu, kirefu, kwenye vumbi. Kuna taa nyuma. Nikatembea, ikatembea. Nikasimama, ikasimama. Sikugeuka. Mwendo ule naujua, unaburuta kidogo mguu wa kushoto. Nimeufundisha mimi, kashika kidole changu.

Nikaingia ndani. Giza. Sauti ya Chiriku kutoka nyuma:

"Babu, umefika?"

"Nimefika."

"Na nuru?"

"Inakuja nyuma."

Mkunga akanong'ona kwamba mzee kachanganyikiwa, awashe kiberiti, mtoto mchanga hajui desturi. Nikamwambia akigusa kiberiti tunakosana mpaka kaburini. Nikavuta pazia lote, likawa wazi. Nikakaa kwenye meza yangu ya kazi.

Yuko mlangoni sasa hivi. Mwanga wa kandili yake umeingia sakafuni, umepita kwenye vipande vya bati, umepanda mguu wa meza mpaka kwenye karatasi hii. Ndio ninaouandikia. Kitandani haujafika. Naona mwisho wake, umeishia kwenye ndoo, hatua chache kabla.

Nimeshika kalamu ili nisimtazame. Nikimtazama atageuka. Nikimwita ataona nimeshinda, atageuka. Namjua, kichwa kile kakitoa kwangu. Naandika tu. Taa yangu imezima iko mezani, naye anaiona imezima, na hakuna aliyeitaja.

Mtoto kapiga chafya. Mwanga umetikisika ukutani, nyota zote.

"Baba," Chiriku kasema. Si kwangu.

Hajaondoka. Ndoo sasa yote iko kwenye mwanga.

Haya ninayoandika ni kweli. Atakayebisha amwulize Mchungaji, alikuwa anaona. Amwulize mke wa Mhasibu, ndiye aliyethubutu. Amwulize Mkunga, yuko hapa anafuta macho na kusingizia vumbi la bati. Na kama hao hawamtoshi, amwulize mwanangu mwenyewe — yuko hapa mlangoni, kandili mkononi, mguu mmoja keshauingiza ndani.